Holda Tupu

Aliyepanga kabla yangu alihama na balbu yake.
Simlaumu. Ndivyo tunavyohama sisi wapangaji:
godoro, sufuria, pazia, na mwanga mfukoni.
Aliniachia holda imeachama darini
kama kinda linalosubiri kulishwa,
na msumari mmoja ukutani, juu ya kitanda,
uliowahi kubeba kalenda ya kanisa.

Mama Subilaga, mwenye nyumba, alinisomea sheria mlangoni:
Usitoboe ukuta. Usiguse waya.
Luku ni moja, vyumba ni vitano,
pasi ni Jumapili, na hita sitaki hata kuisikia.
Na hapa ni Isanga, ni Julai,
Loleza imejifunika ukungu mpaka mabegani
na maji ya ndoo yanauma meno.

Miezi minane nilikaa na ile nyeupe ya wati tisa
niliyonunua duka la kona pasipo kuuliza.
Nyeupe ya zahanati. Nyeupe ya stendi usiku wa manane.
Chini yake nilisahihisha madaftari ya Darasa la Sita,
nikala, nikalala, nikaamka,
wala sikujua kuwa mwanga nao huchaguliwa.

Kisha mama akashuka kutoka hospitali.
Mtoto wa jicho wamemtoa,
akaja kukaa na mtoto wa tumbo.
Siku bandeji ilipofunguliwa alijifunika khanga usoni:
"Tumpe, zima hilo jua."

Nikaenda Mwanjelwa.
Kijana wa vifaa vya umeme alizijaribu moja moja kwenye ubao wake,
tik, nyeupe; tik, nyeupe yenye ubluu kama maziwa yaliyozidishwa maji;
tik, moja ya kubadilika rangi, nyekundu, kijani,
akacheka mwenyewe, akaichomoa.
Ya mwisho ilikuwa ya njano.
"Hii, dada, wananunua watu wenye nyumba zao.
Mpangaji anataka aone kila kitu."
Nikamwambia mpangaji amechoka kuona kila kitu.
Akapunguza mia tano.

Waya mita mbili, plagi, holda ya pili,
na kikapu cha Kyela nilichokuwa nawekea vitunguu.
Nikakigeuza kichwa chini, nikaipitisha balbu kitakoni pake,
nikakitundika kwenye ule msumari wa kalenda.
Ukuta sikutoboa. Waya wa nyumba sikugusa.
Mama Subilaga alichungulia, akatafuta kosa,
akaondoka nalo mdomoni.

Usiku ule mwanga ulimwagika ukutani kama chai ya rangi,
na vivuli vya ukindu vikatulia juu ya blanketi.
Mama akafunua khanga polepole.
"Kama koroboi," alisema, "ila hii haikohozeshi."
Akatazama dari, akaona ufa.
Akatazama viatu vyangu, akaona kisigino.
Akanitazama mimi,
na hapo nikakumbuka: ni miaka minne
amekuwa akiniona kama mtu aliyesimama nyuma ya mvuke.

"Una mvi."
"Ni chaki, mama."
"Chaki haioti."

Mkono wangu ukaenda kwenye swichi.
Kwenye simu nilikuwa nimemwambia kazi nzuri, chakula kipo,
yule bwana yupo, amesafiri tu.
Mama akaushika ule mkono katikati ya njia.
"Acha kwanza," alisema. "Bado nakuangalia."

Alirudi Lwangwa mwezi uliofuata, na ndizi zake zikaja kwa basi.
Kodi inapanda Januari. Nitahama, najijua.
Ile nyeupe nitairudisha darini, imwangazie mwingine madaftari yake.
Ya njano naondoka nayo, na kikapu chake.
Msumari nauacha,
asije atakayefuata akasema hakuachiwa kitu.